Mwanya wa Siku ya Kwanza: Maoni juu ya Kuhifadhi Msamiati na Beti kwa Kadi za Simu

Vijana watungaji wa hapa Nyamagana wamepata chombo ambacho kizazi chetu hakikuwa nacho. Huyachukua maneno magumu ya diwani, wakayatia katika programu ya kadi iliyomo ndani ya simu, na programu ikawarudishia kila kadi kwa wakati wake: leo, kesho, wiki ijayo, mwezi ujao. Nimekaa nao na kuitazama kazi hiyo kwa jicho la mtu aliyefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaona ni kazi njema. Ila lipo jambo moja ambalo karibu wote huliacha kama walivyolikuta, nalo ndilo linaloamua kama neno litakaa au litapita. Jambo hilo ni mianya mifupi ya siku ya kwanza. Naamini kwamba mianya hiyo, kama inavyokuja na programu, haikukatwa kwa kimo cha ushairi wetu, na kwamba mtunzi aipange mwenyewe kwa kufuata siku yake na usingizi wake.

Kwa faida ya wasiokijua chombo hiki, nieleze kidogo. Programu inayojulikana zaidi ni Anki, iliyotolewa mwaka 2006 na Damien Elmes. Jina hilo ni la Kijapani, na maana yake ni kuhifadhi kwa ghibu. Kadi ina uso wa swali na uso wa jibu. Ukiijibu unabonyeza kimojawapo cha vitufe vinne, ambavyo mimi huviita Tena, Ngumu, Vyema na Rahisi. Kadi mpya hupitia hatua mbili: ya dakika 1, kisha ya dakika 10. Ukiijibu vyema katika hatua zote mbili, kadi inahitimu na utaiona kesho. Ukibonyeza Rahisi, unairusha hadi siku ya nne. Kuanzia hapo hushika usukani hesabu ya mianya mirefu: ile ya zamani iliyotokana na kazi ya Piotr Woźniak wa Poland ya mwaka 1987, au ile mpya iitwayo FSRS, iliyoingizwa ndani ya Anki mwaka 2023. Juu ya mianya mirefu sina ugomvi na mashine. Mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani hawezi kumkumbusha kila mmoja neno lake kwa siku yake. Mashine yaweza, na haichoki.

Ugomvi wangu uko mwanzoni. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alihifadhi orodha za silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akazihifadhi upya na kupima ni sehemu gani ya juhudi ya kwanza aliyoiokoa. Baada ya dakika 20 hivi aliokoa asilimia 58. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, 34. Na baada ya siku 31 bado alikuwa na asilimia 21. Tazameni mteremko huo. Kilichopotea ndani ya saa moja ya kwanza ni kingi kuliko kilichopotea katika mwezi mzima uliofuata. Basi anayejipima baada ya dakika kumi anajipima akiwa bado juu ya kilima, kabla hajaanza kuteremka, na jibu lake sahihi halimwambii lolote juu ya kesho.

Wapenzi wa ushairi watafurahi kusikia kwamba Ebbinghaus huyo huyo alijaribu pia beti za Don Juan ya Byron, zenye silabi 80 hivi kila ubeti. Alikuta kwamba zilimgharimu takriban sehemu moja ya kumi ya juhudi aliyoitumia kwa silabi zisizo na maana za urefu huo. Maana, mapigo na vina vilimbebea mzigo. Ubeti wetu wa tarbia, wenye mishororo minne ya mizani 16, una mizani 64, na sioni sababu ya kudhani kwamba vina vyetu vina nguvu ndogo kuliko vya Byron. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu msaada wa vina una hila ndani yake.

Hata hizo dakika kumi zenyewe mara nyingi si dakika kumi. Ndani ya Anki umo mpangilio ambao wengi hawajaufungua: kadi nyingine zikiisha, programu haikungojeshi, bali hukuletea papo hapo kadi yoyote iliyobakiza chini ya dakika 20 kufikia wakati wake. Mwanafunzi wa udaktari mwenye kadi mia mbili kwa siku huenda asilitambue hilo maishani mwake. Lakini mtungaji mwenye maneno matano mapya ya leo, dakika zake kumi hugeuka kuwa nusu dakika. Anabonyeza Vyema huku mwangwi wa sauti yake mwenyewe ungali sikioni, kadi inahitimu, na simu inampongeza kwamba amemaliza kazi ya leo. Nimeona vijana waliomaliza kazi ya leo kwa namna hiyo kwa muda wa wiki tatu, na ukiwauliza neno nje ya simu, wanalitazama kama mgeni aliyeshuka melini.

Hasara yake kwa mtunzi ni kubwa kuliko kwa mwanafunzi wa kawaida. Mwanafunzi akisahau neno atakosa alama moja. Mtunzi hasahau tu, hulitumia. Chukueni neno idili, lenye maana ya bidii. Kijana amelichuma leo mchana katika Kamusi Kuu ya BAKITA, amejibu kadi yake mara mbili, na jioni anatunga. Neno lingali moto mdomoni, naye analitia mahali palipotaka adili, kwa kuwa mizani ni tatu kwa tatu na kina ni kile kile. Shairi linasomeka, linasifiwa, linasambazwa. Msomaji anayejua ataliona kosa. Asiyejua atajifunza kosa. Nusu ya mashairi mapya ninayoletewa niyasome yana neno moja au mawili ya namna hii, maneno yaliyoingia katika shairi kabla hayajalala hata usiku mmoja katika kichwa cha mwenyewe.

Hatari huongezeka maneno yanapofanana. Mahali, mahari, muhali, mahiri, muhuri, muhula: mtu akiyatia yote sita katika kadi za siku moja, akayazungusha kwa mianya ya dakika moja na kumi, hajifunzi maneno sita, anasuka ukili mmoja usiofumuka. Kila jibu linavuta la jirani yake. Ushauri wangu ni kwamba maneno ya namna hii yaingie kwa siku mbalimbali, muhali wiki hii na mahiri wiki ijayo, na la pili lisiingie mpaka la kwanza limepita angalau mapumziko mawili ya usiku bila kuteleza.

Kwetu huku kando ya ziwa lipo tatizo jingine linalozidisha hilo. Wengi wetu tumekulia Kisukuma na lugha nyingine za Kanda ya Ziwa, na ulimi haukuzoea kutenganisha r na l. Katika mazungumzo ya sokoni mtu akisema anakwenda kupiga kula, tutamwelewa. Katika shairi hatusameheki: kina cha -li hakipokei bahari, na anayefunga hali kwa hari amevunja kina, hata kama sikio lake halikuona ufa. Simu haisikii kosa hilo. Unasoma swali kimya, unajibu kimya, unabonyeza Vyema, na r yako inabaki l kwa miaka kumi. Kwa jozi hizi, kadi iwe na sauti iliyorekodiwa na msemaji anayezitenganisha, jibu litamkwe kwa sauti, na ikiwezekana awepo mwenzio wa kukukosoa. Hapo naruhusu mwanya mfupi sana, hata wa dakika moja, kwa kuwa kinachofunzwa ni misuli ya ulimi. Misuli hupenda kurudiwa papo kwa papo kabla ya kupumzishwa.

Nitoke nje ya njia kidogo. Si kila kitu kinahitaji kadi. Msomaji wa bara akifungua diwani za Mombasa, kama Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir (1971) au Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), atakutana na lahaja yenye taratibu zake. Ukishajua kwamba t ya Kimvita mara nyingi ni ch ya Kiswahili sanifu, na kwamba nd mara nyingi ni nj, basi mato na ndia hazihitaji kadi mbili. Inatosha kadi moja ya kanuni. Kijana anayejaza simu yake kadi mia nne za aina hiyo anajitwisha mzigo ambao sarufi ingemtua kwa alasiri moja.

Sasa nirudi kwenye beti. Nitatumia mishororo miwili niliyoitunga kwa ajili ya mfano tu:

Ziwani kuna mawimbi, mtumbwi washika njia,
Mvuvi atoa ombi, upepo upate tua.

Wengi hutengeneza kadi kwa kufuta neno la mwisho. Hapa wangefuta tua, wakajiuliza: upepo upate nini? Lakini kina cha nje kimekwisha kumnong'oneza jibu; anajua neno litakwisha kwa -a, anajua mizani zimebaki mbili, na baada ya dakika kumi angeweza kubahatisha hata bila kukumbuka. Hii ndiyo hila niliyoitaja. Kina kilichomsaidia Byron kukaa katika kichwa cha Ebbinghaus kinaweza pia kumdanganya mtu kwamba amehifadhi. Mimi hupendekeza uso wa swali uwe mshororo uliotangulia, na jibu liwe mshororo mzima unaofuata, ukwapi na utao, kwa sauti. Ukikwama kwenye ukwapi, bonyeza Tena hata kama utao ulikujia wenyewe. Mashine haijui ulivyopata jibu. Inajua kitufe tu.

Katika mafunzo ya ualimu tulifundishwa kuandaa somo kwa hatua ambazo kila mwalimu wa nchi hii anazijua: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, na kuendelea hadi hitimisho, yote ndani ya kipindi cha dakika 40. Wageni huona kuimarisha ndiko kulikobeba uzito, kwa kuwa hapo wanafunzi hujibu kwa wingi na darasa huchangamka. Mwalimu mzoefu haamini uchangamfu huo. Anajua kwamba somo la leo litajulikana katika utangulizi wa kesho, pale anapoingia na chaki mkononi na kuuliza la jana kabla hajaandika tarehe ubaoni. Mikono kumi ya kesho ina thamani kuliko mikono hamsini ya leo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio linaloonyesha jambo hilo kwa namna yake: wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili waliwashinda waliojipima, walipoulizwa baada ya dakika 5, walipoulizwa baada ya siku mbili na baada ya wiki, waliojipima wakawapita. Kipimo cha dakika tano kilimsifu asiyestahili.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza litatoka kwa wanaopenda mianya mingi mifupi, nao wana mzee wa kumtaja. Paul Pimsleur, mwaka 1967, alipendekeza neno jipya lirudiwe baada ya sekunde 5, sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, miezi 4 na miaka 2. Ni ngazi nzuri, na kwa masomo ya kusikiliza kaseti ilifaa. Lakini hesabuni: ni marudio sita kabla ya usiku wa kwanza. Kwa maneno matano ni marudio thelathini. Kijana mwenye dakika ishirini ndani ya daladala kutoka Buhongwa hadi mjini atazimaliza zote kwenye vidato vitatu vya chini, ambako neno halijapata nafasi ya kutoroka. Katika ngazi ile mimi ningechukua kidato cha dakika 10 na cha saa 5, nikawaachia wengine vingine.

Jibu la pili litatoka upande wa pili, kwa watu wa FSRS. Wao husema hatua fupi zisifikie siku nzima, ili hesabu ianze kazi mapema. Katika hilo nakubaliana nao kabisa. Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakitaka hatua zifutwe na mashine iamue yenyewe hata marudio ya siku ile ile, kwa kuwa tangu toleo lake la tano FSRS huyatia marudio hayo katika hesabu. Pengine inawafaa wanaohifadhi majina ya mifupa. Sisi tunahifadhi kitu kinachosemwa mbele za watu, na hesabu haijui kama ulijibu kwa midomo au kwa macho, kama ulibebwa na kina au na kumbukumbu. Ikipewa ushahidi mbovu wa siku ya kwanza, itapanga vizuri sana juu ya msingi mbovu.

Lipo na la tatu, la walimu wenzangu, kwamba kukariri si kuelewa. Ni kweli, nami nimelisema mara nyingi darasani. Ila malenga asiye na beti za waliomtangulia kwa ghibu hutunga akiwa peke yake duniani, na inaonekana.

Mpango ninaowapa vijana ni huu. Fungueni mipangilio ya programu, pale penye hatua za kujifunza, futeni dakika 1 na dakika 10, wekeni dakika 15 na saa 4. Ule mpangilio wa kuletewa kadi kabla ya wakati, wenye dakika 20, uwe sifuri, ili dakika 15 ziwe dakika 15 za kweli. Katika muda huo mtu ateke maji, au avue sare na kula. Maneno mapya yasizidi matano kwa siku, au ubeti mmoja. Ubeti usiingizwe kwenye simu kabla haujasomwa kwa sauti mara kadhaa kutoka kitabuni, kwa mahadhi yake. Kitufe cha Rahisi kisiguswe siku ya kwanza, hata kwa neno unaloapa unalijua. Siku nne ni mbali mno kwa neno ambalo halijakulala. Na neno lisitumiwe katika utungo mpaka limejibiwa asubuhi ya pili. Kwa ubeti mmoja kila siku, utenzi wa beti mia humalizika katika miezi mitatu na siku kadhaa, na si haba.

Wanaosoma usiku wana bahati. Anayejifunza saa tatu usiku, hatua yake ya saa 4 itamkuta amelala, na iwe hivyo. Kadi itamngoja asubuhi, na jibu la asubuhi ndilo ninalolitafuta. Tangu mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach walipowapima wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell wakiwa macho na baada ya usingizi, imejulikana kwamba kinachofuatwa na usingizi husahaulika kidogo kuliko kinachofuatwa na shughuli za mchana. Angalieni tu kwamba siku ya Anki huanza saa kumi alfajiri. Siku ya Mswahili huanza magharibi, ya wenye saa za Kizungu huanza saa sita usiku, na ya mashine hii huanza jogoo akijiandaa kuwika. Kadi iliyohitimu saa nne usiku huhesabiwa kuwa ya kesho pindi saa kumi inapogonga, yaani baada ya saa sita tu. Iliyohitimu saa kumi na mbili asubuhi itangoja hadi saa kumi ya alfajiri inayofuata, saa ishirini na mbili baadaye. Mwanya wa "siku moja" kwa hiyo una urefu mwingi, na anayetaka kujipima kwa haki asibadilishe badilishe saa yake ya kujifunza.

Kwa walio shuleni, ambako simu hairuhusiwi, Mjerumani Sebastian Leitner alieleza mwaka 1972 namna ya kufanya kazi hii kwa karatasi na sanduku lenye vyumba. Boksi la viatu latosha, na vipande vya manila. Chumba cha kwanza ni cha kadi za leo: zisomwe asubuhi kabla ya gwaride, mchana baada ya chakula, na usiku kabla ya taa kuzimwa. Kadi isihamie chumba cha pili usiku huo, hata ikijibiwa kwa ufasaha gani. Ihame kesho yake asubuhi, ikijibiwa kwa sauti, mbele ya mwenzako wa kitanda cha chini.